Jibu: Je, mtu anaweza kuishi kwa kucheza poka?

Ndugu yangu, umeuliza kama mchezaji hodari wa poka anaweza kuacha kazi ya mshahara na kuishi kwa karata. Anaweza, lakini kwanza yatazame ya Stu Ungar wa Marekani. Alitwaa ubingwa wa mashindano makuu ya dunia mjini Las Vegas mwaka 1980 na 1981, kisha akafilisika, kwa kuwa alichokichuma mezani alikipoteza kwenye kamari za farasi na michezo, na kokeini ikamaliza kilichobaki. Mwaka 1997 hakuwa hata na dola 10,000 za kiingilio cha mashindano hayo. Billy Baxter alimlipia kwa makubaliano ya kugawana, na Ungar aliposhinda dola milioni moja, nusu ikaenda kwa mfadhili wake. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli, akiwa na miaka 45.

Wala tusimsingizie ulevi peke yake. Hata mwenye nidhamu akishika ree mbili, jozi bora kuliko zote za kuanzia, dhidi ya wafalme wawili, na fedha zote zikiwa mezani, bado atashindwa takriban mara moja katika kila tano, na mikosi hiyo ikifuatana inaweza kumwandama miezi kadhaa ilhali kodi ya nyumba haisubiri.