Mpwa Wangu, Mimi Si Shefu wa Nyota

Mpwa wangu,

Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba mjomba wako ndiye shefu mkuu wa mkahawa wenye nyota ya Michelin, ile tuzo ya mikahawa bora, hapa London, kama wanavyosimulia huko Likoni, na kama ninaweza kukuvuta uje. Nitakujibu bila kuficha, kwa sababu uvumi huo niliuacha ukue nikiusikia, na sasa unaniaibisha kuliko aibu niliyoikimbia.

Mkahawa una nyota moja, hilo ni kweli. Nyota hiyo hupewa mkahawa, si mpishi, na hata ingekuwa ya wapishi isingenifikia mimi, kwa kuwa nina miaka 43 na cheo changu ni komi, yaani ngazi ya chini kabisa ya upishi, wanayoanzia vijana wa miaka 19. Asubuhi huchambua majani ya viungo moja moja, hung'oa miba ya samaki kwa koleo dogo, huchuja supu ya mifupa kwa kitambaa mara tatu, kisha kila chombo hukibandika karatasi yenye tarehe. Anayenikagua alizaliwa mwaka nilioanza kazi hotelini, na akisema kwamba karoti hazilingani, zote huenda kwenye sufuria ya supu nami huanza upya.

Wewe ulikuwa mdogo nilipofukuzwa, na nadhani uliambiwa kwamba hoteli ilipunguza wafanyakazi. Haikuwa hivyo. Nikiwa mpishi mkuu wa hoteli moja ya ufuoni kusini mwa Mombasa, nilipokea shilingi 50 kutoka kwa msambazaji kwa kila kilo ya kamba na nguru iliyoingia jikoni, naye alizirudisha kwa kupandisha bei kwenye ankara. Tulipozoeana, tukaanza kupima barafu pamoja na samaki. Tulifanya hivyo miaka minne. Nilijiambia kwamba anayeumia ni tajiri mwenye hoteli, ilhali msambazaji, ili naye abaki na chake, aliwabana wavuvi bei, na mmoja wao ni mzee aliyenishikia mkono siku ya harusi yangu. Mhasibu mpya alipolinganisha mizani na ankara, nilitolewa getini mchana kweupe, mbele ya vijana niliowafundisha kushika kisu. Baada ya hapo, kutoka Diani hadi Malindi halikupatikana jiko la kunipokea, maana wapishi wa pwani tunajuana kama watu wa mtaa mmoja.

Kwa hiyo sikuja Uingereza kwa ustadi wangu. Aliyeitwa ni mkazamjomba wako, kwa uuguzi wake, nami nikaandamana naye kama mume. Katika mikahawa miwili ya kwanza nilidanganya kuhusu kazi yangu ya mwisho, na kote nikaombwa namba ya simu ya hoteli. Katika ule wa tatu nilimweleza mpishi mkuu yote. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alinipa siku moja ya majaribio, akanitazama nikisafisha samaki, kisha akasema nitaanzia chini na sitagusa oda wala ankara. Huu ni mwaka wa tatu na sijazigusa.

Kuna jina linalotajwa kwa heshima katika majiko haya: Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeligawa jiko katika vitengo tunavyovifuata mpaka leo. Mwaka 1898 yeye na meneja wake, César Ritz, walifukuzwa katika hoteli ya Savoy, hapa hapa London, na baadaye alitia saini hati ya kukiri kwamba alipokea kamisheni za wauzaji wa vyakula. Dhambi ni ileile yangu, kasoro barafu. Hati hiyo ilifichwa kwa miongo mingi, naye akaendelea na hoteli ya Carlton, akachapisha kitabu chake cha upishi, Le Guide Culinaire, mwaka 1903, na baadaye Ufaransa ikamvika nishani ya Légion d'honneur. Nilipoyasoma hayo nilifarijika kwa siku chache. Kisha nikaona kwamba yeye alisitiriwa tu, na mimi pia nilikuwa nikisitiriwa na uvumi wenu wa Likoni.

Kuhusu kukuvuta, siwezi. Julai 2025 Uingereza ilipandisha kiwango cha ujuzi ambacho kazi inapaswa kufikia ili mtu apewe viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, na wapishi wapya kutoka nje wakafungiwa mlango huo. Atakayekuambia kwamba anayo njia ya mkato ukimlipa, usimlipe. Hata kama mlango ungekuwa wazi, ujue kwamba zamu zangu hufika saa kumi na tatu nikiwa nimesimama, na kwamba kodi ya nyumba hulipwa kwa sehemu kubwa na mkazamjomba wako.

Kazi yenyewe naipenda, tena kuliko nilipokuwa mkuu. Lakini sahani ninazopamba hapa hazimfikii yule mzee mvuvi. Mwezi uliopita nilimpigia simu. Aliniacha niseme mpaka mwisho, akauliza hali ya watoto, kisha akasema anakwenda kuswali. Nitampigia tena.

Mama yako anavyo visu vyangu viwili tangu siku nilipoondoka. Vichukue uvitumie hapo ulipoajiriwa. Ule mrefu unataka kunolewa.