Amonaiti za Charmouth: Kuziokota ni Rahisi, Kuzitunza Ndiyo Kazi

Msomaji mmoja anayeishi kusini mwa Uingereza ameniandikia kwa uchungu. Aliokota amonaiti, yaani visukuku (mabaki yaliyogeuka jiwe) vya wanyama wa kale wa baharini, ndogo ndogo zenye rangi ya dhahabu kwenye ufuo wa Charmouth, katika kaunti ya Dorset, akazilaza kwenye boksi juu ya pamba. Sasa zimepasuka, zinatoa unga mweupe wenye harufu ya kiberiti, na kikaratasi alichoandikia majina kimeliwa kingo. Anauliza alikosea nini kule ufukweni.

Ufukweni hakukosea. Visukuku vingi vya namna hii hufia nyumbani, tena mikononi mwa watu wanaovipenda, na hilo linaniuma kwa sababu linazuilika.

Ile dhahabu ni piraiti, yaani chuma na salfa. Iliingia ndani ya gamba la mnyama huyu, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi, alipofukiwa kwenye tope lisilo na hewa karibu miaka milioni 195 iliyopita. Kwa muda wote huo ilikuwa salama kwa kuwa hewa haikuifikia. Ukiitoa nje, oksijeni na unyevu huanza kuila: hutoka asidi ya salfuriki, pamoja na chumvi za chuma zinazovimba na kupasua kisukuku kutokea ndani. Asidi hiyo ndiyo inayokula karatasi.

Kwa hiyo siku ile ile unaporudi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mswaki laini. Badilisha maji mara tatu au nne ili chumvi ya bahari itoke, lakini usiiache piraiti ndani ya maji kwa wiki nzima kama wanavyofanya watu wenye visukuku vya mawe ya chokaa. Kukaa majini muda mrefu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Usitie dawa ya kufulia nguo nyeupe hata kama umesikia inang'arisha, inaharakisha uozo. Siki nayo iache jikoni, maana huyeyusha kalsaiti, yaani madini ya chokaa, na amonaiti nyingi za pwani hii zina kalsaiti ndani ya vyumba vyake. Kausha mahali pakavu penye joto la kiasi mpaka uwe na hakika kwamba hata mikunjo ya katikati haina unyevu.

Baada ya hapo tia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Kwa boksi la lita 5, gramu 200 zinatosha. Weka humo na kipima unyevu kidogo: ukisoma asilimia 60 uko hatarini, chini ya 45 unaweza kulala. Silika jeli ikishiba unyevu, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 kwa saa kadhaa, uirudishe. Wengi hupaka vanishi wakidhani wamemaliza kazi. Vanishi hupunguza kasi tu, na ukiipaka juu ya kisukuku chenye unyevu, umeufungia ugonjwa ndani. Ukitaka kupaka, tumia Paraloid B72, utomvu wa plastiki wa kuhifadhia vitu vya kale, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kiasi cha asilimia 5, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali.

Iliyokwisha kuanza kutoa unga itenge na wenzake leo hii. Futa unga kwa brashi kavu, usiuvute puani, wala usioshe, kwani maji huisambaza asidi. Unaweza kuokoa nusu yake. Iliyopasuka mpaka kati haitarudi.

Tuje kwenye kuokota. Kipindi kizuri ni kuanzia Novemba hadi Machi, baada ya dhoruba, maana mawimbi huuosha udongo ulioporomoka kutoka kwenye ukingo mrefu wa Black Ven upande wa magharibi na Stonebarrow upande wa mashariki. Bahari ndiyo inayochimba. Wewe kazi yako ni kutazama, na kutazama kwenyewe kuna mahali pake. Piraiti ina uzito karibu mara mbili ya gumegume lenye ukubwa sawa, kwa hiyo mawimbi huliburuta gumegume na kuiacha piraiti nyuma. Tafuta michirizi myeusi ya vitu vizito katikati ya kokoto, upige magoti. Anayetembea akiwa amesimama wima huzipita, kwa kuwa Promicroceras, aina ya amonaiti ya hapa, nyingi hazizidi upana wa sentimita 2. Unachotafuta ni mviringo wenye mbavu, uliojizungusha kama ukili uliokunjwa. Upande wa Lyme Regis, mji jirani ulio magharibi, kuna jaa la zamani linalomomonyokea baharini, kwa hiyo utakutana na vyuma vyenye kutu na vigae vya chupa: vaa glavu.

Soma jedwali la maji kabla ya kufunga kamba za viatu. Ingia maji yakiwa yanapwa, saa mbili tatu kabla hayajafika mwisho wa kupwa, na yakianza kujaa geuka urudi. Kati ya Charmouth na Lyme Regis maji hufika mpaka chini ya ukingo na kukufungia njia. Siku za bamvua hufanya hivyo upesi zaidi. Usikae chini ya ukingo, usipande juu yake, na usikanyage tope lililomiminika hata kama juu linaonekana limekauka. Watu huzama humo hadi kiunoni.

Nyundo nimeiacha mwisho kwa makusudi. Watu huinunua kwanza, kisha hupasua kila jiwe la mviringo wanaloliona, na kubaki na vipande vya mawe matupu. Pasua lile tu ambalo ukingo wake tayari unaonyesha mbavu au mstari wa mgongo wa amonaiti. Tumia nyundo ya jiolojia ya takriban kilo 1, kwa sababu ya seremala humeguka na kurusha chembe za chuma. Miwani ya kinga si hiari. Lisimamishe jiwe kwa ubavu, ligonge kidogo kidogo ukilizungusha kufuata mstari ule, na kamwe usipige uso bapa, maana ufa utapita katikati ya kisukuku. Likivunjika vibaya, okota kila kipande, hata cha ukubwa wa ukucha.

Kanuni za ukusanyaji za Dorset magharibi zinaruhusu kuokota kilicholala ufukweni. Kuchimba kwenye ukingo wenyewe hakuruhusiwi bila idhini. Kitu kisicho cha kawaida kipeleke Charmouth Heritage Coast Centre kikaandikishwe. Zile amonaiti kubwa zilizolala kwenye sakafu ya mwamba huko Monmouth Beach, ufuo wa Lyme Regis, zipige picha tu. Na kila unachobeba kiandikie tarehe, mahali, na kama kililala mchangani au ndani ya jiwe. Bila maandishi hayo mtaalamu hana la kufanya nacho.

Walioko nyumbani huuliza kama kwetu zipo. Zipo. Mashapo ya Jurasiki yako Mombasa na vitongoji vyake, na mwanajiolojia Mjerumani Ernst Beyrich aliandika kuhusu amonaiti za huko mwaka 1877. Lakini sheria si ile ya Dorset: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inataka leseni ya kuchimba na kibali cha kusafirisha nje. Ukiiona moja kwenye mtaro au mahali barabara inapokatwa, weka sarafu kando yake uipige picha, andika mahali ilipo, uiache hapo, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho pale Fort Jesus.