Mhakiki wa tovuti si mwenye bustani

SWALI: Mtaalamu, nacheza jiokashi, ule mchezo wa kuficha makasha na kuyatafuta kwa GPS, hapa Nairobi na sasa nataka kuficha makasha yangu mawili, moja Msitu wa Karura, jingine Uhuru Park. Mwenzangu anasema mhakiki wa tovuti ya mchezo akishalipitisha kasha, hicho ndicho kibali, na askari wa getini nimwone kwa chai. Ni kweli? – Msomaji, Ruaka

JIBU: Si kweli, na swali hili nimelijibu hadi nimelikariri.

Mhakiki ni mchezaji mwenzako anayejitolea. Anaangalia kama kasha lako liko angalau mita 161 kutoka la jirani na kama maelezo yako yanafuata kanuni. Pengine Karura hajawahi hata kuikanyaga. Tena unapotuma ukurasa wako, wewe ndiye unayethibitisha kwamba mwenye ardhi ameridhia. Kwa hiyo mhakiki hakukupa kibali. Wewe ulimwambia unacho, naye akakuamini.

Wa kuulizwa ni mwenye ardhi, na kwako wako wawili: Karura iko chini ya KFS, shirika la serikali la misitu, Uhuru Park chini ya Kaunti ya Nairobi. Barua mbili, basi. Eleza kasha ni nini, weka vipimo vya GPS na picha ya mahali penyewe, namba yako ya simu, nani atalikagua na lini litaondolewa. Neno "hazina" liache kabisa, afisa atadhani unakuja na jembe. Sema wazi kwamba hakuna kitakachofukiwa wala msumari utakaopigwa mtini. Kisha subiri jibu la maandishi.

Hiyo chai sasa. Askari wa getini hana mamlaka ya kukuruhusu. Zamu yake ikiisha, ruhusa yako imekwenda nyumbani naye. Atakayekuja jioni ataona kopo lililofungwa, limesukumwa chini ya benchi. Mwaka 2011 mjini Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akificha kitu nje ya mkahawa. Polisi wakaitwa, na wataalamu wa mabomu wakalilipua kasha. Huko ni Wetherby. Sisi tumepita bomu la Agosti 1998, tukapita shambulio la Westgate 2013, halafu wewe unachuchumaa Uhuru Park ukiangaza huku na huku na kopo jeusi mkononi! Tumia kopo linaloonyesha vilivyomo, uandike juu yake ni la mchezo gani, na barua utembee nayo.

Wanaonikera zaidi ni wanaojiita mawakala: "Nitumie kitu kidogo, kesho kibali unacho." Hawasumbui wachezaji wa jiokashi peke yao. Wapiga picha za harusi, waandaaji wa mbio, vikundi vya kanisa vinavyotafuta pa kukaa Jumapili, wote wanauziwa karatasi yenye muhuri ambayo ofisi husika haiitambui. Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisini kwa miguu yako uulize ada ni kiasi gani na risiti inatolewa na nani. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi, ondoka.