Ukinunua kadi za zamani za askari, anza kuangalia miguu

Mwenzenu nilipigwa mchana kweupe. Niliona mtandaoni kadi ya posta ya enzi za vita ya kwanza, muuzaji kaandika "askari wa King's African Rifles", yaani jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, nikalipa fasta maana baba wa babu yangu alikuwa keya, askari wa jeshi hilo hilo (KAR), na hatuna hata picha yake moja. Kadi imefika, naitazama vizuri, jamaa kavaa buti na vitambaa vimezungushwa miundi yote mpaka karibu na goti, wakati keya wa miaka ile walikuwa wanatembea peku au na makubazi! Kupandisha macho kichwani, tarabushi imevishwa kitambaa cha kaki na mbele kuna beji ya tai. Tai wa Kaiser huyo. Nimenunua askari wa Mjerumani.

Kwa hiyo ushauri wangu, maelezo ya muuzaji soma mwisho, anza miguu, panda kichwani, halafu ndio silaha. Tarabushi yenyewe ina stori, Wissmann, kamanda wa Mjerumani, 1889 alichukua Wasudani kule Cairo waje kupigana na Abushiri aliyeongoza upinzani wa pwani, wakaja na mavazi ya jeshi la Misri, basi kofia ikabaki kuwa alama ya serikali, ukiiona kijijini unajua kodi imefika.

Silaha ndio inadanganya zaidi. Kwenye picha bunduki inatisha, lakini 1914 askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, ukipiga risasi moja moshi unamwonyesha adui ulipojificha. Waingereza nao hivyo hivyo, zile kadi za kwenye pakiti za sigara za Player's za 1912 zimejaa makoti mekundu na mapanga wakati jeshi lao lilishavaa kaki za vitani tangu 1902, yaani unauziwa gwaride sio vita.

Na wapagazi je? Kule Kariakoo jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, watu walibeba mizigo wakafa kwa maelfu, ila hawakuwa na tarabushi wala bunduki ya kupigia picha, kwenye kadi zangu zote sina hata mmoja. Ukimpata, nunua, hata kama kadi imekunjika.

Ile ya kwangu sikuirudisha. Nimeitundika sebuleni, bibi akija anaisalimia shikamoo akidhani ndiye babamkwe wake, na mimi sijamwambia.