Msesewe Kwanza

Wahariri, wiki iliyopita mliuliza: ukialikwa kwenye meza yenye pombe za mikoa yote, utapeleka ipi ya kwenu, na hizo za wenzako umewahi kuzionja? Mimi ni mtu wa Moshi. Kazi yangu ya kuuza pampu za maji imenizungusha nchi hii miaka kumi na moja, kwa hiyo nimeonja za kutosha, nyingine zaidi ya kutosha.

Napeleka mbege. Najua mtacheka, Mchaga angepeleka nini tena? Lakini si mbege ilimradi mbege. Napeleka ya siku ya pili, iliyopikwa na mtu asiyeogopa msesewe.

Kwa asiyeijua: ndizi mbivu huchemshwa mpaka zibadilike rangi ziwe nyekundu, kisha zinaachwa kwenye pipa siku kadhaa, hiyo ndiyo nyangi. Pembeni kuna ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji unaoitwa mso. Nyangi inachujwa, maji yake yanachanganywa na mso uliopoa, kesho yake watu wanakaa kwenye mabenchi. Msesewe ni magome ya mti, nayo hutiwa ili pombe iwe na uchungu. Bibi yangu wa Kibosho aliyapima kwa kiganja, na siku akizidisha alisema amekusudia.

Siku ya kwanza ni tamu. Hiyo tulipewa watoto kwenye kikombe cha bati ili tusisumbue wakubwa. Siku ya pili utamu umelegea, ulezi unausikia mdomoni, halafu ukishameza ndipo uchungu unapofika, taratibu, na hauna haraka ya kuondoka. Ya siku ya tatu ni chachu, na wanaoipenda wana matumbo yao.

Uchungu huo ndio kipimo changu. Pombe nyingine zote nimezipima nao, labda kwa kuzionea.

Ulanzi wa Iringa kwa mfano. Msimu wa mvua wanakata ncha ya chipukizi la mwanzi, maji yanadondoka yenyewe kwenye chombo, hakuna kupika wala kusaga. Asubuhi ni mtogwa, mtamu kama juisi, ukikaa unakuwa mkangafu na unakuangusha bila hodi. Ninaupenda, ila ni utamu kisha ukali, katikati hakuna kitu. Tena hauna subira. Mwaka fulani nilinunua dumu la lita tano nimpelekee baba mkwe wangu, nikafunga kifuniko kwa nguvu zote kama nafunga mafuta ya taa. Hakuna aliyeniambia kuwa ulanzi unaendelea kuchacha njiani, au waliniambia nikawa sisikii. Tulipokuwa tunapita Mikumi, abiria wote wamechungulia dirishani kutafuta tembo, kifuniko kikaruka na kugonga dari la basi. Mama mmoja alipiga kelele akidhani ni tairi. Begi langu, suruali yangu, na mahindi ya jirani yangu vilinukia Iringa mpaka Moshi. Baba mkwe nilimpelekea dumu lenye robo, na simulizi.

Rubisi ya Bukoba ni ndugu yake mbege, maana wote ni watu wa migomba. Tofauti yao iko jikoni. Wahaya ndizi zao mbivu hawazichemshi, wanazikamua kwa kuzikanyaga pamoja na majani, juisi inakaa kwenye mtumbwi wa mti, wanatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wanafunika kwa majani ya mgomba. Mtama ule uliokaangwa unaleta harufu ya moshi kidogo ambayo sijaipata penginepo. Nikiri hapa, nisije nikaambiwa mkabila: kwa harufu, rubisi inaishinda mbege. Mezani ningekaa karibu nayo.

Bia za chupa sitazisema sana, mnazijua. Baba yangu alikuwa mtu wa Kibo Gold, enzi Kibo Breweries wanapika hapahapa Moshi. Mwaka 2002 kampuni kubwa za bia za Kenya na Afrika Kusini zikaachiana masoko: kiwanda cha Castle cha Thika, Kenya, kikafungwa na hiki chetu kikafungwa. Sasa Serengeti Breweries wana kiwanda Moshi na Tanzania Breweries (TBL) wanacho Arusha, na shayiri inalimwa huku kwetu, Monduli na West Kilimanjaro. Kinachoagizwa mbali ni hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, kwa sababu mmea wake unataka zile siku ndefu za kiangazi ambazo sisi wa karibu na ikweta hatuna. Kila nikifikiria hilo naona ajabu. Uchungu unavuka bahari, na msesewe umesimama kando ya mfereji.

Mimi katika chupa ni Safari, asilimia 5.5, ya moto. Mhudumu akiuliza "moto au baridi?" nikajibu moto, vijana wa meza ya pili hugeuka kuniangalia kama mzee wa zamani. Nina miaka arobaini na tatu. Baridi kali inaua ulimi, husikii uchungu wala kimea, unasikia barafu tu. Kilimanjaro yenye asilimia 4.5 ni nyepesi, inawafaa wageni wanaoteremka mlimani pale lango la Mweka wakiwa na kiu ya siku sita, na mimi nikiwa na kiu yao ningeinywa bila maneno. Serengeti ina mwili zaidi, nayo nikiikosa Safari naichukua.

Tatizo langu la kweli liko nyumbani. Nimeoa Marangu, na mbege ya ukweni ni laini, tamu hadi siku ya pili, msesewe umepitishwa juu kama chumvi ya mgonjwa. Mara ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, baba mkwe alionja kwanza yeye, kama ilivyo desturi, akanipa kata ya kibuyu, akaniuliza, "Meku wangu, hii na ya Kibosho?" Wajomba wote wakanyamaza. Nikanywa yote bila kupumua, nikarudisha kata, nikasema naomba nyingine ndipo nitajua. Walicheka, na swali likapita. Limerudi kila Desemba tangu hapo, na kila Desemba nimeomba nyingine.

Basi wahariri, kwa kuwa mmeuliza ninyi na siyo yeye, andikeni: mbege ya siku ya pili, ya Kibosho, kwenye kata na siyo kwenye glasi. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma, anasema nifute Kibosho niandike Marangu. Sifuti, ila naomba jina langu msilichapishe.