Kifaa kisicholala: kwa mnaoanza kurekebisha draiva

Mdogo wangu, kabla hujaenda kununua betri mpya, nisikilize. Mimi nilishanunua, Kariakoo, na haikusaidia kitu. Umeme ukikatika nyumbani Tabata, chaji ya laptop yangu ilikuwa inaisha haraka hata nisipofanya kazi yoyote. Mwizi alikuwa kisoma kadi, kifaa ambacho sijawahi kukitumia tangu nimiliki mashine ile. Kilikuwa hakilali.

Kwenye keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kila kifaa kina hesabu yake. Draiva, yaani programu inayokiendesha, ikikihitaji inaongeza moja, ikimaliza inapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kifaa kinaruhusiwa kulala huku kompyuta ikiendelea na kazi. Ni kama daftari la mlinzi getini: unasaini kuingia, unasaini kutoka, naye hazimi taa ya uani mpaka mgeni wa mwisho atoke. Sasa pm_runtime_get_sync, amri ambayo draiva hukiamshia kifaa, ina tabia moja iliyonitesa siku kadhaa: inaongeza hesabu hata kifaa kikishindwa kuamka. Yaani umesaini, umegonga, mwenyeji hayupo, ukajiondokea. Kwa mujibu wa daftari bado umo ndani, na taa inawaka mpaka asubuhi.

Kwa hiyo ukifungua draiva, usipoteze muda kwenye njia ya kawaida, pale kila kitu kinapokwenda sawa. Hiyo wengi wameshaipita. Nenda kila mahali msimbo unaporudisha kosa, ujiulize: aliyesaini ametoka? Tangu keneli 5.10, ya Desemba 2020, ipo pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa inalifuta jina lake yenyewe, yaani inairudisha hesabu chini. Nzuri sana, ila usiibandike kwa pupa. Kwenye kiraka changu cha kwanza, yaani rekebisho la kwanza nililotuma, niliibandika mahali ambapo tayari palikuwa na pm_runtime_put_noidle, inayopunguza hesabu, upande wa kosa. Hesabu ikapunguzwa mara mbili. Aliyekikagua alikirudisha kwa mstari mmoja tu, na nilistahili.

Tena kabla hata ya kusoma msimbo, ingia /sys, ambako keneli inaonyesha hali ya vifaa, kwenye saraka ya power ya kifaa chenyewe, usome runtime_status. Ikisema active (kiko macho) saa zote, tazama faili la jirani, control. Ukikuta on badala ya auto, usiilaumu draiva kwanza. Maana yake kifaa kimekatazwa kulala, na huenda si draiva iliyokataza. (Nimewahi kula Jumamosi nzima kwa neno hilo moja.)

Mashine nzima kukataa kulala, au kulala isiamke, ni ugonjwa mwingine. Hapo tumia faili la majaribio, /sys/power/pm_test: andika humo hatua ya kwanza ya kulala, freezer, ilaze mashine, uone, kisha devices, platform, processors, core, moja baada ya nyingine. Keneli inafika hatua uliyotaja, inasubiri sekunde 5, halafu inarudi. Inapokwama ndipo pa kuchimba. Washa mashine ukiipa keneli chaguo la no_console_suspend ili ujumbe wa mwisho usipotee, na uache amri ya rtcwake iilaze na kuiamsha usiku kucha, maana hitilafu nyingine hazijitokezi mpaka mara ya arobaini.

Ukimaliza, rudisha none kwenye pm_test, ili majaribio yazimike. Mimi nilisahau. Nikafunga mfuniko, nikaitia kwenye begi, nikapanda daladala ya Gongo la Mboto, na kila ikilala, baada ya sekunde 5 inaamka. Nashuka, begi lina joto la pasi.