Usifunge ubao kwenye shafti ya mota! Inchi mara mizunguko, isizidi 9,000

Chomoa plagi kwanza, ndipo usome.

Umeandika kwamba una mota ya pampu ya maji, nguvu ya farasi 1.5, mizunguko 2,850 kwa dakika. Una ubao wa mvule uliong'olewa kwenye meza ya karakana ya zamani hapo Jinja, unene inchi 4, na unataka kukereza bakuli la inchi 12. Fundi amekuahidi kuchomelea sahani ya chuma kwenye shafti ya mota, ubao ukae juu yake, mambo kwisha. Halafu ukauliza patasi zipi, mafuta gani ya kupaka, paleti za mbao za kubebea mizigo zinafaa au la, na bakuli uliuze bei gani. Banange! Mafuta na bei ni maswali ya mtu ambaye bado ana macho yake mawili.

Hebu tupige hesabu ambayo fundi wako hakuipiga. Bakuli la inchi 12 lina mzingo wa karibu sentimita 96. Lizungushe mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 45 kwa sekunde, yaani kilomita 160 kwa saa. Ukingo huo ungetoka Jinja ukaingia Kampala kwa nusu saa, wewe na basi lako mkiwa bado mnachungulia foleni ya Mukono. Na kipande chenyewe, cha mvule mkavu, kina kilo 4 na nusu hivi kabla hujakichimba.

Hiyo mbio bado si tatizo lenyewe. Tatizo ni kwamba ubao wa zamani hauna uzito sawa pande zote. Huku kuna tundu la bolti, kule mchwa wamekula, pembeni kuna fundo gumu kama jiwe. Chukua gramu 100 tu zilizozidi upande mmoja, sentimita 10 kutoka katikati. Kwa mizunguko 600 kwa dakika, gramu hizo zinavuta kama mzigo wa kilo 4, na meza nzito inaweza kuvumilia. Kwa mizunguko 2,850, gramu zilezile zinavuta kama mzigo wa kilo 90, na mvuto huo unageuka upande mara 47 kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Ndiyo maana mashine inayotetemeka kidogo tu kwa mwendo mdogo inageuka shetani ukiiongezea kasi.

Sasa hizo kilo 90 zinapita wapi? Zinapita kwenye ile sahani iliyochomelewa, ambayo moto wa kuchomelea umeshaipinda kidogo, kwa hiyo tangu mwanzo inayumba. Zinapita kwenye beringi ndogo ya mota ya pampu, ambayo iliundwa kuzungusha maji na si kubeba gogo linaloning'inia mbele yake. Zinaishia kwenye miguu ya mota, ambayo mara nyingi ni ya aluminiamu. Meza inaanza kutembea sakafuni. Wewe unafikiri ni kawaida, unasogeza patasi. Patasi inanasa kwenye kona ya ubao, ubao unapasuka kwenye ufa wa msumari wa zamani ambao hukuuona, na nusu moja inaruka. Haianguki miguuni. Inaruka kwenye mstari wa mzunguko wake, na kwenye mstari huo ndipo ulipoinamisha uso ukitazama kazi.

Bati la jiko letu lina tundu la kipande kama hicho hadi leo. Nyumbani wanaliita dirisha langu, na mvua ikinyesha naitwa kwa jina ambalo siliandiki hapa.

Aliyenishauri mimi alikuwa na maneno yaleyale ya fundi wako: "mota ni mota." Nimeshaelewa wanakotoa ujasiri huo. Kutwa wanashika grinda inayozunguka mara 11,000, kwa hiyo 2,850 wanaiona kama bodaboda inayotafuta abiria. Lakini jiwe la grinda lina inchi 4 na nusu, ni jepesi, limetoka kiwandani likiwa na uzito uliosawazishwa, mwendo wake wa juu umeandikwa juu yake, na lina kinga. Ubao wako hauna hata kimoja kati ya hivyo. Mtu anayekata chuma kwa ustadi wote wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma wa Kampala, anaweza kuwa hajui chochote kuhusu mti unaozunguka, na bado akakupa ushauri kwa sauti ya daktari mkuu.

Kwa hiyo shika kanuni moja tu, iandike kwa chaki ukutani juu ya swichi: kipenyo kwa inchi, mara mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Kipande kipya ambacho hakijawa duara kianzie upande wa chini, karibu na 6,000. Bakuli la inchi 12 ni mizunguko 500 hadi 750. La inchi 6 ni 1,000 hadi 1,500. Wewe ulitaka 12 mara 2,850, ambayo ni 34,200. Mota hiyo ilivyo inafaa kitu cha inchi 3, mpini wa patasi kwa mfano, tena kikiwa kimeshikwa na ncha ya nyuma, ile inayokisukuma kutoka upande wa pili.

Utapunguzaje? Wapo watakaokuambia ufunge rigileta ya feni. Ukifanya hivyo utakaanga mota. Mota ya namna hiyo hupata mwendo wake kutoka kwenye umeme wenyewe, mawimbi 50 kwa sekunde, na idadi ya ncha za sumaku zilizosukwa ndani. Ukiipunguzia volti haipungui mwendo kwa adabu. Inapoteza nguvu, patasi ikigusa inakwama, waya za ndani zinachemka na unasikia harufu.

Dawa ni puli na mikanda. Tafuta shafti nene ya milimita 25, iweke kwenye beringi mbili za kusimama, zile UCP 205 ambazo watu wa mashine za kusaga posho wanazijua vizuri. Sahani ya ubao ikae kwenye shafti hiyo, na mota ikae chini ikivuta kwa mkanda. Mwendo unaopatikana ni mwendo wa mota, mara puli ya mota, gawanya kwa puli ya shafti. Kwa mota yako hatua moja haitoshi: puli ya inchi 3 ikivuta ya inchi 8 inakupa kama 1,070, na mara 12 hiyo ni karibu 12,800. Unahitaji shafti ya kati. Inchi 3 kwenda 8, kisha inchi 4 kwenda 8, unapata kama 530. Hapo bakuli lako lina 6,400, na unaweza kulala usingizi.

Bora zaidi, badilisha mota. Kwenye vyuma chakavu uliza mota iliyoandikwa 1,440 kwenye kibati chake. Puli ya inchi 3 kwenda 8 inakupa 540 moja kwa moja, bila shafti ya kati. Ukipata puli za ngazi, zile zenye vipenyo kadhaa kwenye puli moja, jozi ya pili iwe 4 kwenda 7, unapata 820 hivi kwa bakuli za inchi 8 hadi 10. Jozi hizo zote jumla yake ni inchi 11, kwa hiyo mkanda ni uleule, unauhamisha tu.

Kabla fundi hajakata nyuzi za kufungia sahani, angalia mota inazunguka upande gani. Nyuzi zikielekezwa vibaya, sahani inajifungua yenyewe kazini na kukufuata. Swichi nayo iwe ile inayojifyatua umeme ukikatika na haiwaki mpaka uibonyeze tena. Umeme wetu unaujua. Unaondoka ukiwa katikati ya kazi, unaenda kunywa chai, unarudi ukiwa umeinama unafuta vumbi.

Ubao wenyewe. Pitisha sumaku ya spika mbovu polepole juu ya kila uso. Palipo na doa jeusi linalofuata nyuzi za mti pana chuma hata kama kichwa cha msumari hakionekani. Skrubu za shaba sumaku haizioni, kwa hiyo tumia macho na kucha pia. Msumari uliokatika ndani usiuwinde kwa patasi, chimba kwa kuzunguka na drili uutoe na koleo, au ukate sehemu hiyo uitupe. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole: mzima unalia, wenye ufa unajibu kama kopo lililopasuka. Wa hivyo ni kuni, hata uwe mzuri vipi. Mvule una ujanja wake wa ziada, ndani yake huota chokaa ngumu kama jiwe. Patasi ikigonga kitu kigumu na sumaku haikuona kitu, ndiyo hiyo.

Usifunge kipande cha mraba. Kata pembe mpaka ziwe nane, au duara kabisa kwa msumeno, ndipo utafute katikati. Skrubu ziwe 6 za mbao, namba 12, ziingie ndani ya mti inchi nzima, na uzitobolee kwanza kwa drili ya milimita 4 kwa sababu mvule mkavu hunyonga skrubu. Zile nyeusi za jipsamu usiziguse, hukatika vichwa bila kupiga kelele. Ncha ya nyuma isukume ubao mpaka uwe duara kamili. Zungusha kwa mkono raundi nzima uone haigusi egemeo la patasi. Simama pembeni, si mbele, ndipo uwashe. Ikitikisika, zima, tafuta upande mzito, ukate. Usisubiri itulie.

Kinga ya uso iwe ile ya plastiki angavu inayofunika uso mzima mpaka kidevuni. Mikono mirefu, glavu, kanzu, mkufu, vyote viache mlangoni. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri.

Patasi: usitengeneze kwa tupa kuukuu. Tupa ni ngumu lakini inavunjika kama kigae, na ikinasa kipande kinakurudia. Springi ya gari ikipewa moto vizuri ni afadhali. Paleti zenye alama ya HT zilitibiwa kwa joto tu. Zenye MB zilipigwa dawa ya sumu, waachie wenyewe. Nguzo za umeme zilizolowekwa dawa usizikereze kabisa, vumbi lake ni baya, na moshi wake ni mbaya pia.

Kuna kingine uliuliza, nimesahau. Piga picha ya kibati cha mota na upime puli ulizonazo kwa rula, uweke hapa. Na huyo fundi mwambie asiwashe mashine ya kuchomelea kabla hatujaona namba.